Nililipia umeme wa machine iliyosimama, juu facture ilikuwa na jina la bwana yangu

Wakuu, wakubwa kwa wadogo, jambo zenu.

Juzi mutu aliuliza humu: biashara ndogo inalipa umeme kiasi gani? Namujibu na ile niliishi mimi mwenyewe, hapa Kisangani. Sitaongeza chumvi. Masomo nilifika ya pili primaire tu, lakini jina la mutu sijasahau hata moja.

Ile wakati muji uliitwa bado Stanleyville. Miaka ya uhuru ungeihesabu kwa vidole vya mukono moja.

Bwana yangu Ramazani, baba ya mutoto wangu Amisi, alikuwa na machine ya kukoboa mupunga. Motere ya courant, yaani umeme wa barrage ya muto Tshopo. Wateja walikuwa Mama Aluta wa Yahuma, papa Lokwa kilema, Feza mwenye mapacha. Kelele ya machine ilifika sokoni.

Facture, ile karatasi ya kulipia umeme, ilikuwa na sehemu mbili, na hapa ndipo wengi wanakosea.

Moja ni ile umekula: compteur, ile mita ya umeme, inazunguka, unalipa. Ingine ni ya kuwa tu na waya na compteur kwa ukuta. Hiyo unalipa hata ukikaa mwezi muzima bila kazi. Kwetu, tukikoboa mifuko kumi, faida ya mbili ilienda kwa courant.

Bon. Rebellion, vita ya waasi, ikaingia. Barabara zikafungwa. Ramazani akapanda mutumbwi kwenda Yangambi kutafuta mupunga. Aliniambia, "Asha, kila juma pakaa machine mafuta, isishike kutu."

Hakurudi.

Nilipakaa mafuta. Mupunga haukuja. Facture ilikuja.

Papa Bolamba, musomaji wa compteur, alitazama namba. Ile ile ya mwezi uliopita.

"Mama Amisi, unalipia nini? Funga hii kitu."

"Nafunga namna gani?"

"Mwenye jina anaweka sahihi. Kama hayuko, unaandika kwamba amekufa."

Nikamuambia, "Basi lete facture."

Niliuza mabakuli ya ndoa, kisha mapagne, vitenge vyangu. Jirani yangu Mama Zaina alicheka mbele ya watu: "Wengine wanalisha waume, huyu analisha waya!"

Nyumbani tulikuwa mimi na Amisi, mutoto wa mugongoni. Siku zilipita sijaongea na mutu mukubwa hata neno. Ile facture ndiyo kitu pekee kilicholeta jina lake mulangoni kila mwezi. Kusoma sikujua sana, lakini ile R kubwa niliijua.

Barabara zilipofunguka tena, asubuhi moja ya siku ya soko niliwasha machine tupu. Nilitaka tu kusikia sauti yake.

Kidogo tu, mulango ukajaa watu. Feza mbele, kitunga cha mupunga kichwani, anahema.

"Ramazani amerudi?"

"Hapana. Ni mimi."

Akatazama chini. Wengine pia. Kisha akashusha kitunga. "Alors, koboa."

Nikakoboa. Muchele ulivunjika nusu, Feza akaupokea hivyo hivyo. Ni hiyo machine ilisomesha Amisi. Na facture iliendelea kuja kwa jina la Ramazani, mpaka leo.

Donc, fundisho langu: mbele ya kuuliza courant ni kiasi gani, uliza utalipa nini siku machine imesimama. Hiyo pesa iweke pembeni kwanza. Na kwa facture muandikishe majina mawili, bwana na bibi, wakati wote wawili muko.

Sasa mujukuu wangu Furaha anataka kuweka salon ya nywele pale. Anasema, "Koko, tubadilishe jina." Bureau ya umeme imemupa karatasi. Inataka neno lile lile alilosema papa Bolamba.

Iko hapa mezani tangu juma iliyopita. Furaha hanisukumi.

Nyinyi wenye kufanya biashara, nauliza: jina la facture linabadilika bila kuandika lile neno? Anayejua njia aandike hapa chini. Nasoma polepole, lakini nitawasoma wote.