Nailoni Juu ya Sufuria ya Mama

Mimi habari mpya siwezi kulala nayo, lazima nimpelekee mtu. Nafundisha biolojia sekondari hapa Moshi mjini, na siku ile kwenye semina ya walimu mtoa mada alisema vipande vya plastiki, vidogo hata jicho haliwezi kuviona, vimekutwa ndani ya ubongo wa binadamu. Nilikuwa nasinzia, nikakaa wima. Akasema kuna panya waliolishwa vipande hivyo wakaanza kusahau njia walizozizoea, ila kwa watu bado wanachunguza. Na plastiki ikipata moto, alisema, inamwaga vingi zaidi kwenye chakula.

Hapo nilishaacha kusikiliza. Akili ilikuwa imepanda mlimani, kijijini Kilema, jikoni kwa mama.

Mama ndiye anayeitwa kila penye sherehe akapike ndizi nyama. Akishazipanga kwenye sufuria, anazifunika kwa mfuko wa nailoni, kisha anakandamiza mfuniko juu yake ili mvuke usitoke. Jamani, nyumba iko katikati ya migomba! Lakini majani ya migomba ni chakula cha ng'ombe, na ng'ombe wa mama anaheshimiwa kuliko sisi watoto wake.

Halafu mama alikuwa ameanza kusahau. Alitia chumvi mara mbili. Alimwita binti yangu kwa jina langu, akarudia tena. Niliogopa sana, na sikumwambia mtu.

Jumamosi nikapanda. Shikamoo niliitoa nikiwa bado getini.

"Marahaba. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba, mama. Kuna plastiki."

Nikamwaga yote, mikono hewani kama niko darasani. Yeye alikuwa anamenya ndizi, hata kichwa hakuinua.

"Kwa hiyo nina nailoni kichwani," akasema.

"Sote huenda tunayo, mama."

"Na ndiyo inayonisahaulisha?"

Kumbe alikuwa anajua. Swali lile lilinichoma, na ilibidi niseme ukweli: hakuna anayejua. Inaweza kuwa umri, inaweza kuwa kitu kingine, ndiyo maana nataka tumwone daktari. Ila nailoni tunaweza kuiondoa leo hii.

"Ng'ombe atakula nini?"

Tulibishana weee. Yeye anataja ng'ombe, mimi nataja ubongo. Mwisho nikaahidi kumletea mabua ya mahindi kutoka Kahe, kule tambarare, ng'ombe ashibe na majani yabaki ya jikoni. Akaguna tu, akaendelea kumenya. Kuhusu daktari alisema tutaona. Nikateremka mjini sijui kama nimeeleweka au nimepoteza nauli.

Baada ya wiki kadhaa ilikuwa zamu ya mama kupokea jumuiya ya sala nyumbani. Nilipita jikoni kwanza. Sufuria ilikuwa imefunikwa kwa majani ya mgomba, yamekunjwa vizuri pembeni, na harufu yake ndiyo ile ya utoto wangu. Nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele peke yangu pale jikoni.

Basi nikavimba kichwa. Sala ilipoisha nikasimama mbele ya kina mama wote, nikawatangazia kwamba nailoni inaua ubongo, kwamba sisi watu wa mlimani tunajimaliza wenyewe kwa sufuria zetu.

"Usiwadanganye wenzio," mama akanikatiza, sahani mkononi. "Ulisema panya ndio waliosahau njia. Kwa watu ulisema bado wanachunguza. Ulisema ikipata moto ndiyo inamwaga, kwa hiyo waambie wasiipikie, usiwatie hofu. Tena ulisema utaleta mabua ya ng'ombe kutoka Kahe. Yako wapi?"

Mabua nilikuwa nimeyasahau kabisa.

Kina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilicheka nao, kisha nikajikuta nalia, nimesimama pale pale mbele za watu, kwa sababu mama yangu alikuwa amekumbuka kila neno.