Kompyuta ya Sanduku la Sabuni

Kezia Nahimana, mzaliwa wa Kibimba, hakuwa mtu wa kumsifu mtu. Alikaanga chapati njia panda ya Benaco, pale malori ya Kigali na Bujumbura yanapolala yakisubiri karatasi za mpakani, na madereva walijua kwamba chai yake huja na maneno. Dereva akilalamika kuwa chapati ni ndogo, aliambiwa kuwa chapati ni ile ile ya jana, tumbo lake ndilo limekua.

Mumewe alifariki mwaka ule wakimbizi wa Rwanda waliporudishwa kwao. Ukoo ukamletea Pancras, mdogo wa marehemu, ili amrithi. Kezia alimtazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akawaambia wazee waliokaa sebuleni, "Huyu hata kuku wangu hawezi kuwafungia jioni." Wazee wakanywa pombe yao ya ndizi, wakaondoka. Maneno yale yalifika kijijini kwao Murukulazo kabla wao hawajafika.

Pancras mwenyewe alikuwa mlinzi wa lango katika ofisi ya shirika moja la misaada. Kwa miaka mingi aliziona kompyuta kupitia dirisha, na kwa kuziona tu akajihesabu kuwa mtaalamu. Mwaka 2006 shirika lilipopunguza watu, alirudi mtaani na kofia ya shirika, buti za shirika, na Kiingereza cha shirika ambacho hakikuvuka salamu. Kutwa alikaa kwenye benchi la Kezia akiwaeleza madereva mambo ya teknolojia. Madereva walimsikiliza kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine.

Ni dereva mmoja wa Kahama aliyeleta habari kwamba kwao watu wanalipa kucheza mpira ndani ya kompyuta.

"Watu wazima?" Kezia aliuliza. "Wenye ndevu zao?"

"Wanapanga foleni, mama."

Kezia akafyonza. Lakini jioni ile aliyatazama malori yalivyojipanga hadi kwenye kona, na wanaume waliolala chini yake wakitukanana kwa kukosa la kufanya. Akaona kuwa kama ujinga ule lazima uende mahali, ni heri uende kwake.

Soko la Lukole, ndani ya kambi ya wakimbizi wa Burundi, alikuwa akilifahamu kwa sababu ya kuuza ndizi. Huko alimjua Nyandwi, Mrundi aliyefundisha kompyuta kwenye shule ya kambi. Nyandwi alikuwa na dharau inayolingana na ya Kezia, na pengine ndiyo maana walielewana.

"Kompyuta za ofisi za kuandikia barua usiziguse," alimwambia. "Ukiweka gemu zinakufa kwa aibu. Unataka kadi ya picha inayojitegemea, ile yenye feni yake. Hapo usibane. Prosesa, ule ubongo wa mashine, ya kawaida inatosha. Ram, kumbukumbu yake ya kazi, iwe ya kutosha. Na pawasaplai, lile bati linalogawa umeme ndani, chukua zito. Ukilishika mkononi likawa jepesi, rudisha."

"Bati nalo linachaguliwa?"

"Mimi nimekwambia. Kama unataka kunisikia, sikia."

Kezia alikwenda Mwanza, na Pancras akamfuata. Hakualikwa. Alidai kwamba mali ya kaka yake haiwezi kutumiwa na mwanamke peke yake kwenye mji wa wezi. Mali yenyewe ilikuwa ya chapati, lakini basi lilikuwa limeshaanza kuondoka, na Kezia hakuona sababu ya kubishana mbele ya abiria.

Duka walilofika lilikuwa la bwana mmoja aitwaye Shibuda, Msukuma mnene aliyejaza vipuri vya kompyuta hadi darini. Pancras alisimama mlangoni akapigwa na butwaa. Mbele yake kulikuwa na kasha jeusi la kompyuta lenye kioo ubavuni, na ndani yake taa za bluu zikiwaka na kuzima.

"Hii ndiyo," alisema. "Hii ndiyo mashine ya gemu."

"Hilo ni kasha, shemeji. Halina kitu ndani."

"Taa unazionaje?"

"Kama za baa."

Shibuda, aliyemtambua mteja wake mara moja, alimsifu Pancras kuwa ni mtu wa kuelewa. Kisha akamgeukia Kezia na prosesa mpya kwenye boksi lake, lenye kibandiko kinachometameta. Kezia akaisukuma kando. Alitoa kwenye kanga diski ya gemu ya mpira aliyopewa na yule dereva wa Kahama, akaiweka mezani.

"Kaka, mimi sijui majina ya vitu vyako. Unganisha hivyo unavyoniambia ni vizuri, uweke diski hii. Siondoki mpaka nione mpira unachezwa."

Shibuda alicheka, akaunganisha. Prosesa ile ya kibandiko ilifungwa pamoja na kadi dhaifu ya picha. Mpira ukaanza, na wachezaji wakawa wanaruka hapa na pale kama panzi. Mlinda mlango alidaka mpira uliokwisha kuingia.

"Hawa wamelewa," Kezia alisema. "Toa."

Akabadilishiwa prosesa ya zamani kidogo na kadi kubwa yenye feni. Wachezaji wakakimbia kama watu. Akaongezewa ram, wakakimbia zaidi. Akaomba ram iongezwe tena. Hakuona tofauti, akaamuru itolewe. Hadidiski, ile ya kuhifadhia gemu, alichukua iliyotumika, baada ya kuiweka sikioni na kusikiliza kama inakwaruza. Shibuda hakucheka tena. Alikuwa akifuta jasho.

Kioo na kibodi alikuwa amekwisha kuvipata kwenye mnada wa shirika mjini Ngara. Kikabaki kile kibati cha umeme. Kwenye meza ya majaribio Shibuda alikuwa akitumia chake mwenyewe, kizito kama tofali. Cha namna hiyo kilikuwa ghali. Kilikuwapo kingine chepesi, chenye rangi nzuri ya fedha.

"Kinafanya kazi ile ile?" Kezia aliuliza.

"Ile ile, mama."

Akakipima mkononi. Akamkumbuka Nyandwi na kiburi chake, na yale maneno ya kama unataka kunisikia, sikia. Akachukua chepesi. Pancras naye akalinunua lile kasha la taa kwa akiba yake ya mwisho ya shirika, kwa ahadi aliyojipa mwenyewe kwamba aliye na kasha ndiye mwenye kompyuta.

Wakati wa kurudi, vipuri vya Kezia vilifungwa kwenye nailoni na kuzikwa ndani ya kiroba cha dagaa. Kasha la Pancras lilikaa mapajani mwake, mbele ya basi, likimulikwa na jua.

Magari yalikuwa yakipita pori la Biharamulo kwa msafara, na polisi mbele na nyuma. Basi lao lilipata pancha baada ya Lusahunga, msafara ukawaacha. Walipoanza tena kwenda, magogo yalikuwa barabarani, na watu wenye bunduki wakatoka kwenye nyasi.

Abiria walilazwa kifudifudi kando ya barabara. Mmoja wa wale watu akasimama juu ya Pancras.

"Hii ni redio?"

Mtu mwingine angenyamaza. "Ni kompyuta, bwana mkubwa," Pancras alijibu, uso ukiwa mchangani. "Ya kisasa kabisa. Ya bei mbaya."

Likachukuliwa. Yule mtu akaja kwa Kezia, akazamisha mkono kwenye dagaa, akaitoa ile kadi ya picha.

"Hiki nini?"

"Kipuri cha mashine ya kusaga."

Akainusa, akanusa na mkono wake, akairudisha kwenye kiroba kwa kuitupa. Kezia alisimulia baadaye kwamba moyo wake ulisimama mara moja tu siku ile, na haikuwa kwa ajili ya bunduki, ilikuwa kwa jinsi yule mshenzi alivyoitupa.

Hakuna aliyeumia. Walipofika Benaco Pancras aliwaambia watu kwamba alipambana.

Bila kasha, Kezia alimwita fundi seremala akamgeuzia sanduku la mbao lililokuwa la sabuni, wakatoboa matundu ya hewa kwa msumari wa moto. Vipuri alivipanga ndani yake kama alivyomwona Shibuda akivifunga. Umeme ulitoka kwenye jenereta ya saluni ya jirani. Jumapili ya kwanza, baada ya misa, kibanda kilijaa madereva. Vijana wakachungulia kwenye nyufa. Pancras alijikalisha karibu na mashine, kofia ya shirika kichwani, akawa anawaelekeza watu wasiogope.

Mpira ulichezwa vizuri hadi karibu na mapumziko. Kisha sanduku likatoa mlio kama wa mahindi yanayokaangwa, moshi ukapanda kwenye matundu ya msumari, na kioo kikawa cheusi.

Pancras ndiye aliyeanza kucheka. "Nilisema. Kompyuta gani inakaa kwenye sanduku la sabuni? Mwanamke ukimwachia mambo ya kitaalamu, ndiyo haya." Akacheka mpaka akashika mbavu, na madereva, watu wa kufuata, wakacheka naye.

Kezia hakujibu. Wanaomjua wanasema hilo ndilo lililowashtua kuliko moshi. Alifungua sanduku, akanusa kitu kimoja kimoja, na harufu yote ilikuwa kwenye kile kibati chepesi chenye rangi ya fedha.

Siku ya soko alikwenda Lukole. Nyandwi alikipokea kile kibati kilichoungua, akakipima kiganjani.

"Nilikwambiaje?"

"Uliniambia."

"Nilikwambia nini, mama?"

"Kizito," Kezia alisema, na neno hilo lilimtoka kwa shida.

Nyandwi alimweka pale kwa muda mrefu akimweleza yale yale aliyokwisha kumweleza, polepole, kama anavyofundishwa mtoto, na Kezia alisimama akasikiliza yote. Kisha akampa pawasaplai nzito iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu ya shule, baada ya kumwomba mkuu wa shule ruhusa mbele yake. Alikataa malipo. Alikubali chapati, akasema zina chumvi nyingi.

Kadi ilikuwa nzima. Hadidiski ilikuwa nzima. Mashine iliwaka, na haikuzima tena kwa moshi. Madereva walewale waliocheka wakarudi na kupanga foleni, watu wazima wenye ndevu, wakigombana nani kafungwa kwa uonevu. Kezia aliwatazama kwa dharau ile ile aliyokuwa nayo tangu mwanzo na hakuificha.

Pancras alikuja wiki ya pili kudai sehemu ya kaka yake.

"Kaka yako alikufa bila kuiona kompyuta," Kezia alimwambia. "Wewe uliiona ikachukuliwa. Ukitaka kucheza, foleni inaanzia kule."

Akaondoka. Alijaribu kufungua kibanda chake ng'ambo ya barabara, akaweka televisheni na taa nyingi za rangi, na kwa muda wa mwezi hivi wadudu wote wa kata ya Kasulo walikuwa wateja wake. Baadaye alipata kazi ya kulinda ghala la kahawa, na hadi leo huwaambia wenzake kwamba aliyeleta gemu Ngara ni yeye.

Mwaka 2008 kambi ya Lukole ilifungwa. Malori yaliyowarudisha Warundi kwao yalisimama pale njia panda, na Kezia alikuwa amepata habari mapema. Alimkuta Nyandwi lorini, amekaa juu ya mizigo yake, koti limefungwa vifungo vyote, akamrushia mfuko wa chapati.

"Nimepunguza chumvi," alisema.

Nyandwi alikata kipande, akatafuna, akafikiri. "Bado," alisema. Kisha lori lilipoanza kuondoka akainama ukingoni. "Mama, ile feni ya kadi. Unaifuta vumbi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Ifute."

Kezia akafyonza kwa sauti ambayo lori zima lilisikia, akasimama palepale barabarani hadi malori yakaisha kupita. Kisha akarudi kibandani, akawaambia waliokuwa wakicheza wanyanyuke kidogo, na akatafuta kitambaa.