Haluwa ya Watu Nisiowajua

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi simu mmoja wa mtaa wa Kibokoni simu ya marehemu mume wangu. Sauti aliyojirekodi marehemu akimwombea dua mjukuu wetu ilikuwa haifunguki tena. Fundi akawaandikia watu wanaotengeneza programu ya bure ya kufungulia sauti na video. Siku ya tatu mmoja wao akatuma marekebisho. Marehemu akasema, "Amina," nami nikaitikia.

Jana nikarudi na sahani ya haluwa. "Wapelekee wenzio."

Fundi akacheka. "Mamangu, hata mimi siwajui! Kila mmoja ana nchi yake, na wengi hufanya bila malipo."

"Basi wewe kula kwa niaba yao."

Akaimaliza yote peke yake. Dua, alhamdulillahi, nimewapelekea wenyewe.