Eda Ndani ya Tela

Aibu yangu naijua mwenyewe, sina haja ya kukumbushwa: siku ile nilitazamwa na watu wengi kuliko walionitazama siku ya harusi yangu, nami nilikuwa mwanamke mwenye eda, nguo nyeupe mwilini, ambaye kwa ada zetu hapaswi kuonwa na mwanamume asiye maharimu wake. Nimekwisha kuisikia ikisimuliwa sokoni Bagamoyo na kutiwa chumvi (wako wanaosema nilibebwa na tembo, jambo ambalo si kweli, tembo hakunigusa), kwa hiyo afadhali niisimulie mimi, pamoja na tarehe zake, maana nilijifunza kuandika nikiwa tayari mama wa nyumba, na kitu ulichokipata kwa kuchelewa hupendi kukitumia ovyo.

Mume wangu alifariki mwezi ishirini na tano Ramadhani, siku ambayo mwaka ule wa 1956 iliangukia mwezi wa Mei wa Kizungu. Alikuwa mtu wa Mkwaja, mbele ya Saadani, naye hakuwa amekanyaga kwao tangu aliponioa, kwa sababu mama yake alikuwa amemchagulia binti wa nduguye na yeye akanichagua mimi. Miaka yote hiyo alituma salamu, alituma kanga za sikukuu, alituma sukari, na mama alipokea kila kitu asijibu neno. Siku ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Nenda kwa mama. Usimtume mtu. Mwambie mwanao anaomba radhi, akujibu wewe kwa kinywa chake." Nikamwahidi. Mtu kufa bila radhi ya mamaye si jambo dogo kwetu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kumtafutia mume wangu radhi ile baada ya yeye mwenyewe kutangulia.

Nilikusudia kwenda eda itakapokwisha. Lakini siku ya Jumatano, tarehe mosi Agosti, akafika mtu kutoka Mkwaja na habari kwamba mama mkwe hajiwezi, hali chakula, na kwamba amesema, "Niitieni mke wa mwanangu." Hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja.

Mwalimu wa msikiti wetu alikuja akakaa nje ya pazia, nikamuuliza kama mwenye eda anaweza kusafiri. Hakufikiri sana. "Hii ni dharura, binti yangu," alisema. "Kesho alfajiri kuna lori linakwenda Mkwaja kuchukua nazi. Jistiri, ukae na ndugu yako, uende. Mwenyezi Mungu anajua nia yako."

Basi hapo ndipo nilipojitia akili nyingi kuliko mwalimu. Nilijiona nikipanda lori mbele ya nyumba za mtaa wetu, mguu juu ya tairi, wapakizi wananishika mkono, na wanawake wa mjini nyuma ya madirisha wakisema, mjane wa fulani hakuweza kukaa ndani hata miezi mitatu. (Mimi ni mtu wa ukoo, na ukoo wetu ulikuwa na sifa moja tu iliyobaki, nayo ni kwamba wanawake wake hawaonekani.) Nikakataa lori. Nikakumbuka kwamba katika gereji moja pale mjini kulikuwa na tela la mpima ardhi wa Kizungu, tela lenyewe ni nyumba kamili, lina kitanda, meza, mlango na madirisha yenye mapazia, limewekwa mpaka mwenyewe arudi kutoka likizo. Nikamwambia mdogo wangu Sefu, aliyekuwa na gari la kazi, akaliazime.

Sefu alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, unataka nikuvute kama konokono na gamba lake?"

"Nataka kukaa ndani ya nyumba," nikamjibu. "Mwenye eda hukaa ndani ya nyumba. Kama nyumba yenyewe inakwenda Mkwaja, mimi sikutoka."

"Na mwalimu amesema hivyo?"

"Mwalimu hakuulizwa habari za tela."

Fundi wa gereji alikubali, ila gurudumu moja lilitaka kutengenezwa, kwa hiyo hatukuondoka Alhamisi, wala Ijumaa. Tuliondoka Jumamosi, tarehe nne, baada ya sala ya alfajiri, Sefu mbele ndani ya gari lake, na mimi nyuma ndani ya tela pamoja na Bi Tatu, kungwi wangu wa tangu usichana, ambaye alikubali kufuatana nami kwa sharti kwamba akitapika nisimlaumu. Nilikuwa nimefunika kwa kanga kioo kilichokuwa ukutani, kwa kuwa mwenye eda hajitazami, nimefunga mapazia yote, nimewasha udi kidogo. Nilijiona mtu mwenye hekima sana.

Mpaka tulipovuka mto Wami kwa pantoni mambo yalikuwa mazuri. Ng'ambo ndiko lilikoanza pori la wanyama, na hapo nikajua jambo ambalo mimi mwenye kupenda tarehe nilipaswa kulifikiria kabla: zilikuwa siku za mapumziko ya Wazungu na watu wa maofisini, na nusu ya Dar es Salaam ilikuwa imekuja kutazama tembo wanavyoshuka baharini. Njia ni moja, nyembamba, mchanga huku na tope jeusi la mbuga kule, na juu ya njia ile magari yamefuatana kama msafara wa bwana harusi. Tembo walikuwa wamesimama katikati ya barabara wakila, hawana haraka na mtu. Askari wa wanyama, kofia kichwani na bunduki begani, akaja akipunga mkono kwamba kila gari lirudi nyuma kidogo ili wapate kupita.

Kila gari likarudi nyuma. Sefu hakuwa amewahi kuvuta tela maishani mwake (hilo alikuja kuniambia baadaye). Alipokata usukani kulia, tela likaenda kushoto. Alipokata kushoto, tela likaenda ambako halikutumwa. Mwisho gari likatazama baharini na tela likatazama bara, barabara imezibwa kote kote, na honi zikaanza.

"Mwanangu," akasema Bi Tatu, amekumbatia mguu wa meza, "nyumba hii inakwenda kinyumenyume au ni mimi?"

Askari akagonga mlango. "Hodi humu ndani! Shukeni, tulifungue tela tuligeuze kwa mikono."

"Hatushuki," nikasema. "Mimi nina eda, na hapa ni nyumbani kwangu."

Askari akasema kwa upole, "Shikamoo, mama. Pole kwa msiba. Lakini nyumba yako imefunga barabara ya serikali."

Sefu akaja dirishani. "Dada, shuka. Kuna bwana mmoja wa Kihindi nyuma yetu, wa pale pale Bagamoyo, gari lake linaweza kupita pembeni. Anakwenda Mkwaja. Ana mkewe na mama yake garini, watakuweka katikati yao. Hatua chache tu."

Yule bwana mwenyewe alisema kutoka mbali, bila kusogea, kwa adabu kabisa, "Bibi, nimesikia kuna mgonjwa. Wanaume wote watageuka nyuma. Nitawaambia mimi."

Nikachungulia kwa upenyo wa pazia. Niliona suruali nyingi. Niliona kamera. Nikawaza zile hatua chache, mimi na weupe wangu juu ya mchanga ule, na kila mmoja wao akirudi mjini na hadithi. Bi Tatu akanong'ona, "Twende, mwanangu. Mgonjwa hangoji." Nikasema hapana. Mpaka leo hii nikilisikia neno lile masikioni, natamani kulirudisha kinywani.

Wakalifungua tela tukiwa ndani. Wanaume wakashika kila upande, askari anahesabu, moja, mbili, na kwa kweli wangefanikiwa kama tembo mmoja, aliyechoshwa na honi, asingepiga kelele. Kelele moja tu. Mikono yote ikaliachia tela kwa pamoja, na tela likaanza kushuka kuelekea mbugani, polepole, kwa heshima, kama mtu mzima anayetoka msibani. Nilisikia sauti ya Sefu, "Dada! Dada!" nikasikia vyombo vikianguka, kisha gurudumu likazama topeni, nyumba ikainama, mlango ukafunguka wenyewe, nami nikatoka. Nilitoka mzima mzima, uso mbele, ndani ya tope jeusi, na Bi Tatu akaja juu yangu.

Nilipoinua kichwa, magari yote yalikuwa yananitazama. Hakuna mwanamume aliyegeuka nyuma. Mmoja akacheka, akajizuia, akacheka tena, na wengine wakamfuata, wala siwalaumu sana, kwani ningekuwa mmoja wao ningecheka mimi pia. Mama wa yule bwana wa Kihindi, kizee mwenye mvi, ndiye aliyeshuka akaingia topeni na viatu vyake, akanifunika kwa shali yake, akaniinua. "Sasa umekwisha kuonekana, binti," akaniambia. "Twende kwa mgonjwa wako."

Nikapanda gari lile lile nililolikataa, nikalichafua viti, na saa nzima njiani Bi Tatu alikuwa akisoma dua.

Tulifika Mkwaja kwenye alasiri. Nilijua kabla gari halijasimama. Wanaume walikuwa wanarudi kwa njia ya makaburini, kanzu zimekunjwa, na nyuma yao wanne wamebeba jeneza tupu.

Wifi yangu, Mwanaidi, dada wa mume wangu, alikuwa amekaa mkekani miongoni mwa wanawake. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, tope limekauka juu ya nguo za eda. Alisogea akanipa nafasi.

"Amefariki saa ngapi?" nikauliza.

"Saa nne za asubuhi. Tangu juzi alikuwa anauliza kila gari. Tukimwambia si wewe, anafumba macho, anangoja jingine."

Nikamshika mkono, nikamwambia yote niliyotumwa: kwamba mume wangu mimi, nduguye yeye, aliomba radhi kwa mama, na kwamba nilitakiwa nirudi na jibu. "Wewe ulikuwa naye," nikasema. "Unajua moyo wake. Niambie wewe kwamba amemridhia."

Mwanaidi akalia kwa muda mrefu. Kisha akapangusa uso. "Wifi, nikisema ndiyo nitakuwa nakubembeleza. Mama alisema, 'Akija nitamwambia mwenyewe.' Basi. Hakutuambia sisi. Radhi yake si kanga zake tugawane."

Eda yangu niliimalizia kule kule, ndani ya chumba cha mama mkwe, na siku iliyokwisha nilitoka mchana, nikapita katikati ya mji wa Mkwaja. Tangu mwaka ule, mtu akiniita kwa mgonjwa siulizi naenda na gari gani wala nani ataniona. Nimekwenda kwa mguu, nimekwenda juu ya magunia ya chumvi, na mara moja nimebebwa mgongoni kuvuka kijito, mimi, mtu mzima, mchana kweupe. Na kila baada ya sala nawataja wawili wale pamoja, mama na mwanawe, namwomba Mola awapatanishe wao kwa wao, kwa kuwa mimi niliyetumwa sikufika.