Maji ya Fundi Cherehani

Kabla vita havijampa cheo, mtu yule alikuwa fundi cherehani katika soko la Uvira, tena fundi mbaya. Nilipoanza uuguzi alinishonea nguo ya kazi yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akaapa kwamba kasoro ni ya bega langu.

Askari wa kigeni walipouteka mji, sisi tulikimbilia kijijini kwa mama, chini ya milima, nami nikapata kazi katika zahanati ya huko. Fundi alipanda juu zaidi. Haukupita muda tukasikia wapiganaji wa milimani wanamwita Docteur, daktari. Alikuwa na ndoo ya maji yenye majani, na aliyenyunyiziwa maji yale, walisema, risasi ikimfikia inageuka maji. Ila kulikuwa na masharti: usile sombe, yaani kisamvu, usigeuke nyuma, usipokee kitu mkononi mwa mwanamke.

Mdogo wangu, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini Kalundu, akamfuata. Hakuwa mjinga. Alikuwa ameona majirani wakipigwa mbele ya watoto wao, akataka kufanya kitu, lakini aliogopa kama mtu yeyote mwenye akili. Maji yalimwondolea woga. Nakubali hilo: kazi ya kwanza ya hadithi za namna ile ni kumpeleka mtu mahali ambapo miguu yake ingekataa kwenda. Ninachokidharau ni kwamba mtungaji hakwenda naye.

Siku alipokuja kutuaga nilimwambia, "Miye naonaka risasi kila juma. Natoa mu miili ya bantu. Hakuna hata moja ilishageuka mayi."

Akacheka. "Yaya, dada yangu mukubwa, weye unaonaka tu wale walivunja masharti."

Hadithi ilikuwa imejengwa hivyo: waliopona walikuwa ushahidi, na waliokufa nao walikuwa ushahidi.

Aliuawa katika bonde la Ruzizi, upande wa Mutarule, kabla mvua hazijaisha. Siku ya tatu ya matanga fundi akatufikia na walinzi wawili. Akakalia kiti cha marehemu baba, akala samaki wetu, akanawa mikono, kisha akasema kwa upole:

"Mama, mayi haikushindwa. Mutoto wako alivunja sharti. Nani alimupatia chakula mbele ya kuondoka?"

Wote wakamgeukia wifi yangu, mjane. Kila mtu alijua kwamba alimfungia mumewe bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye jani la mgomba. Utotoni tulisimuliwa kwamba ziwa letu lilitokana na mwanamke aliyefichua siri ya kisima, kikafurika, kikameza watu. Nikawaza: wametunga ile ile, na hata mkosaji hawakujisumbua kumbadilisha.

"Ningemuacha aende na njaa?" wifi aliuliza.

Mama yangu alisimama akampiga kofi. Nilipomshika mkono, alinitazama kwa macho ya mtu aliyepata nafuu. Mwanawe hakuwa tena amekufa bure. Sasa kulikuwa na wa kuchukiwa. Nilimdharau mama yangu siku ile, na sijawahi kumwambia mtu. Juma halikuisha wifi alishuka ziwani na mimba yake, akapanda mtumbwi kwenda kwao Baraka.

Miezi minne baadaye, asubuhi, walinzi wale wale walimleta fundi zahanati kwenye machela, risasi ikiwa pajani.

"Sindano ya ganzi, muganga," alilia. "Piga mbili!"

"Docteur," nikamuuliza mbele ya walinzi, "ulikula sombe?"

Jasho lilimtiririka, lakini jibu alikuwa nalo. "Aliyenipiga iko na dawa kubwa kupita yangu."

Walinzi wakatikisa vichwa kwa heshima. Nilimchoma sindano, moja, nikaitoa risasi, nikamwonyesha kwenye kibakuli. Nilitaka aone aibu. Aliniomba nimpe, nami kwa upumbavu wangu nikampa. Siku alipoweza kusimama aliivaa shingoni, na kijijini ikasemwa kwamba risasi ilifika kwenye ngozi yake ikakataa kuingia. Mshono niliomshona mimi wakauita chale.

Nilimweleza mama habari ya ganzi. "Usiniambie tena hiyo," alisema. Alikufa hajabadilisha neno juu ya wifi.

Vita vilipotulia kidogo nilikwenda Baraka. Wifi alinipokea vizuri, akaniita yaya, akanionyesha binti mwenye paji la uso la mdogo wangu. Tulipokwisha kula akaniuliza, "Mama alisema nini juu yangu mbele ya kufa?"

Nilikuwa nimeapa kutodanganya mtu kwa maneno matamu, baada ya yote niliyoyaona.

"Aliomba samahani," nikasema. "Alilia, akataja jina lako."

Wifi alifunika uso kwa kitenge. Kisha akataka kujua ilikuwa siku gani, nani alikuwepo, mama alilala upande gani. Nikamtungia yote.