Paka Mweupe Katika Chumba cha Mwali

Mwaka niliowekwa ndani, chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, mtungi, kidirisha cha kupitisha ngumi, na paka. Kwetu Wazaramo, msichana akivunja ungo huwa mwali: hufungiwa ndani, jua lisimwone wala sauti yake isivuke mlango, mpaka wakubwa waseme basi. Paka hakuvunja ungo. Yeye aliletwa na baba, aliyekuwa mpishi kwenye shamba la mkonge upande wa Kibaha. Memsahibu wake alikuwa anakwenda Ulaya likizo, na alitaka akirudi amkute paka mzima na mweupe vilevile. Asipomkuta, baba atafute jiko jingine.

Memsahibu alikuwa nao watatu, wote manyoya marefu, nyuso bapa kama waliogonga ukuta kwa mbio. Baba alisimama nje ya chumba changu akatueleza tabia zao kama mtu anayeuza vitambaa: "Wa rangi ya majivu ana kisirani. Wa rangi ya hina mlafi. Huyu mweupe ndiye mpole, hashtuki kwa lolote." Wale wawili wakapelekwa kwa Mzungu mwingine. Mpole akaja kwetu Chole, ile ya bara.

Kila asubuhi nilimchana kwa chanuo langu, maana manyoya yale yakiachwa siku mbili husokotana kama katani. Nilihesabu mafundo, nikayahesabu tena. Humo ndani hapakuwa na kingine cha kukagua.

Na ule upole nikaukagua pia. Siku mfuniko wa sufuria ulipodondoka nyuma yake, mimi niliruka, yeye hakutikisa hata sikio. Nikapiga makofi kisogoni mwake. Akaendelea kujilamba. Kumbe si mpole, ni kiziwi. Nilinyamaza nalo, mwali haulizwi maoni.

Mlinzi wangu alikuwa bibi, mzaa baba. Asubuhi moja alikwenda kwa jirani kuomba ugoro, akauacha mlango wazi. Paka akatoka, akajilaza katikati ya uwanja. Mbwa wa jirani akaingia kwa upande wa kisogo chake, akinguruma. Kumwita paka kwangu ilikuwa mwiko, na kwake ilikuwa kazi bure. Nikajifunika kaniki gubigubi, nikatoka, nikamzoa paka kifuani. Mbwa akabweka. Paka akapiga mwayo.

Nilipogeuka, bibi alikuwa amesimama na ugoro wake.

"Mke mwenzangu, umetoka."

"Nimetoka, bibi."

"Mwali akionwa na jua huanza upya."

"Na mlinzi anayeacha mlango wazi, yeye huanzia wapi?"

Akanusa ugoro, akapiga chafya. "Nani amekuona?"

"Mbwa."

"Huyo hasemi. Nikinyamaza na mimi, utanipa nini?"

"Habari ya mlango sitaitaja. Nawe utamkumbusha baba kwamba natolewa kabla ya mavuno ya mpunga, kama mlivyoniahidi."

"La mlango nimekubali. La mavuno sina uwezo nalo. Baba yako ameshasema, ukitoka wewe, paka atakaa na nani? Utangoja memsahibu arudi."

"Mchane wewe, bibi. Nitakufundisha."

"Manyoya yaingie kwenye ugoro wangu? Sitaki."

"Nusu siku wewe, nusu siku mimi."

"Ingia ndani, jua linakuchoma."

Nikaingia. Mlango niliufunga kwa mguu, maana mikono yote miwili ilikuwa na paka.