Herufi Iliyonyoosha Miguu

Juzi mhariri wa filamu ya katuni ninayoitengenezea maandishi ya mwanzo alinitumia ujumbe: "Dada, sekunde ya arobaini jina limekosewa. Ni Regina, siyo Legina. Rekebisha leo tafadhali." Nikacheka peke yangu, maana kosa hilo ni la zamani kuliko filamu yenyewe. Nililifanya nikiwa darasa la tano, Tunduma, kwa penseli, na ndilo lililomponza bibi yangu. Kaa nikusimulie. Mhariri atasubiri.

Kwanza uielewe kazi yangu, kwa sababu hata nyumbani hawaielewi. Ukifungua filamu, kabla hajasikika mtu, kuna yale maandishi: nani kachora, nani katia sauti, nani kapiga muziki. Mimi ndiye ninayeyafanya yatembee. Ukiona herufi imedondoka, ikajikunja, ikachungulia nyuma ya kichuguu kisha ikaenda kujipanga na wenzake, jua kuna mtu kakaa siku tatu anaisukuma fremu kwa fremu mgongo unamuuma. Mama mdogo anawaambia watu kwamba mjini naandika mabango. Nilishaacha kumbishia.

Tulikaa kando ya barabara kuu, ile inayoshuka mpakani. Malori yalipanga foleni tangu alfajiri, yanasogea hatua mbili, yanasimama, yanapumua. Bibi, mzaa baba, aliletwa kwetu kutoka milima ya Ileje macho yalipoanza kuingia ukungu, lakini kukaa bure hakuweza. Siku ya tatu tu alishaweka jiko la mkaa barazani, anawauzia madereva chai ya tangawizi na magimbi ya kuchemsha. Wale wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakimsalimia kwa lugha yao "Mulishani, mama," anajibu "Bwino," halafu anaendelea na Kiswahili chake cha milimani kana kwamba hakuvuka mpaka wowote. Alikaa kwenye mkeka, mgongo umenyooka ukutani, miguu ameinyoosha mbele. Ungempita mara kumi kwa siku ungemkuta hivyo hivyo.

Bibi hakujua kusoma. Baada ya shule, nikishaosha vikombe, kazi yangu ilikuwa kumsomea malori. Wakati huo lori halikuwa lori bila maneno: kwenye bodi, kwenye vizuia matope, juu ya kioo. Mengine ni dua, mengine ni matusi yaliyovishwa adabu. Foleni ikisogea bibi ananigonga goti: "Soma, soma kabla halijapita!" Nikisoma mara moja hatosheki. Alikuwa na msemo wake: "Mara ya kwanza sikio linashtuka tu, mara ya pili ndiyo linasikia." Basi nasoma mara mbili, na lori likituwahi analalamika mpaka jioni kwamba dereva yule hana malezi.

Mpaka leo kipimo changu ni hicho. Jina lolote ninaloliweka kwenye kioo linakaa hapo kwa muda wa kulisoma mara mbili kwa sauti, taratibu, kwa mwendo wa mtu wa Ileje. Vijana wa ofisini wanakiita kipimo cha bibi. Wanadhani natania.

Maandishi mengi ya malori yale yalitoka mkononi mwa jirani yetu, fundi wa maandishi, mtu wa Tanga aliyefika Tunduma kupaka lori moja akakaa miaka kumi na saba. Uwanja wake ulinuka rangi ya mafuta na petroli ya kuoshea brashi. Aliongea na herufi kuliko alivyoongea na watu. Kivuli cha neno akikipaka, kinaanguka upande mmoja kwa herufi zote, na mtu akiuliza kwa nini anakuwa mkali: "Kwani huko kwenu kuna majua mawili?" Sijasoma chuoni kitu kilichozidi hapo.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kutazama video kibanda umiza, na hilo jina usidhani ni masihara. Mabenchi yalikuwa ya mbao mbichi, bati juu, hewa hakuna, televisheni moja imefungiwa kwenye sanduku la chuma kama mahabusu. Mchana wa Jumapili ulikuwa wa katuni. Mwenye kibanda alikuwa na haraka zake, kwa hiyo maandishi ya mwanzo yakianza tu, anabonyeza rimoti, anapeleka mbele mpaka pale panya anapoanza kukimbizwa. Hakuna aliyelalamika. Majina ya watu usiowajua ya nini?

Siku moja bibi akasema anataka kwenda kuona hicho kinachotufanya turudi tumekauka koo. Tukamkalisha benchi la mbele, pua inakaribia kugusa kioo. Katuni ikaanza, herufi zikawa zinaingia moja moja, zinarukaruka, moja inateleza na kuanguka, nyingine inaivuta. Mwenye kibanda akanyanyua rimoti. Bibi akapiga kelele:

"We kijana! Rudisha! Wenyeji wanatoka kutusalimia, wewe unawapita tu?"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Lakini bibi hakutania. Kwao mgeni hapewi chakula kabla ya kusalimiana na kutajana: wewe nani, wa mlima gani, mtoto wa nani. Ndivyo alivyoyaelewa yale majina. Mwenye kibanda akarudisha, na kila Jumapili bibi akiwepo, watoto wote tunapaza sauti kwa pamoja, "Rudishaa!"

Njiani siku ile alinishika mkono. "Zile za kwenye karatasi zote sawa tu kwangu, mchwa watupu. Lakini zile zilizokuwa zinatembea nimezijua. Kila moja ina mwendo wake." Tulipofika mlangoni akasema lile aliloliwaza njia nzima: "Mjukuu wangu, haya macho yanakwenda. Nataka nilione jina langu kabla hayajafika."

Nikachukua kaunta buku la zamani la baba. Kwenye kona ya kila ukurasa nikachora picha ndogo, kila moja imepishana kidogo na ya nyuma yake, ukiziachia kwa kidole gumba zinatembea. Ilinichukua likizo nzima. Herufi ya kwanza inaingia, inajishusha, inanyoosha miguu mbele: L, bibi mwenyewe kwenye mkeka wake. E inakuja na kuni tatu begani. G inajizungusha kama mbwa anayetafuta pa kulala. I inasimama tu, haina habari na mtu. N inapanda, inashuka, inapanda tena, kama njia ya kwao. A inatanua miguu, inamaliza. Legina.

Fundi wa maandishi aliliona buku hilo nilipokwenda kuomba kifutio. Akalipitisha mara mbili, akatabasamu, halafu akauliza, "Bibi yako ni Legina au Regina?" Nikamjibu kwa kiburi changu chote cha darasa la tano: "Legina. Si nasikia kila siku?" Akanirudishia buku. "Haya. Mwenye bibi ni wewe."

Na kweli nilisikia kila siku. Bibi alijiita Legina, shoga zake wa kanisani walimwita Legina, babu alipokuwa hai alimwita Legina. Lugha ya kwao haina shida na L, ila R inawateleza mdomoni. Padre alipombatiza aliandika Regina kwenye kitabu, wao wakaondoka na Legina, na mambo yakaenda vizuri miaka sitini, kwa sababu hakukuwa na haja ya kulisoma.

Bibi alijifunza kwa wiki mbili. Analisogeza buku kwenye jicho la kulia, lililokuwa na nafuu kidogo, anaachia kurasa, anacheka. Kisha akaanza kuzitambua zikiwa zimesimama. Alichora L kwa mkaa kwenye ukuta wa baraza, na mama hakuthubutu kuifuta. Madereva walionyeshwa wote: "Huyu aliyekaa ndiye mimi."

Muda si mrefu madaktari wa macho wakaja hospitali ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa basi. Bibi alipimwa, akaambiwa arudi Alhamisi, watakaofanyiwa upasuaji majina yao yatabandikwa ukutani. Alhamisi ile mimi nina mtihani, mama ana msiba. Baba akataka kumtafutia mtu wa kumsindikiza, bibi akakasirika kabisa. "Wa nini? Jina langu nalijua."

Alikwenda peke yake. Akasimama mbele ya karatasi ile, pua ukutani, akaishuka mstari kwa mstari akimtafuta yule aliyekaa kanyoosha miguu. Hakumwona. Muuguzi akamuuliza kama anahitaji kusomewa, akasema anajua kusoma. Akapanda basi, akarudi nyumbani mchana, akakaa mkekani akasema, "Hawakuniandika."

Kesho yake asubuhi akaja mama mmoja wa kanisani aliyekuwa huko huko, jicho limefungwa bandeji. "Ulikwenda wapi wewe? Wamekuita mpaka wamechoka. Regina, Regina, Regina."

Bibi akafikiri kidogo. "Kumbe Regina ni mimi."

Madaktari walikuwa wameondoka alfajiri. Waliporudi ulikuwa umepita mwaka na zaidi, na jicho la kulia, lile la kusomea, lilikuwa limeshaharibika kwa presha ya macho. La kushoto walilisafisha, likampa mwanga wa kutosha kuona njia na nyuso. Baba alinisema jioni moja tu, akaacha. Bibi hakunisema hata siku moja, na hilo ndilo lililonitesa. Nilichukua lile kaunta buku nikaliingiza kwenye jiko lake la mkaa, nikasimama hapo mpaka likaisha. Nilikuwa na aibu ambayo sikujua pa kuiweka.

Baadaye, kila nilipokuja likizo, aliniambia, "Nichoree basi hiyo R yangu niijue. Hili jicho lililobaki linatosha." Nami nikajibu, "Kesho, bibi." Nikaenda sekondari ya bweni, nikaenda chuo, nikajifunza kuzifanya herufi ziyeyuke na kuwaka moto, kila mara nikirudi naulizwa, na kila mara ni kesho. Ningeichora dakika tano. Mkono ulikataa, basi. Alifariki mwaka juzi, na hiyo R hakuiona.

Nilipokwenda mazishini Ileje nilipita Tunduma. Malori bado yapo, ila maneno yake sasa ni stika zinazotoka kwenye mashine, zote zina sura moja. Uwanja wa fundi umekuwa duka la vifaa vya simu. Kibanda umiza kimebomolewa, hata sanduku la chuma sijui limeishia wapi. Watoto wanaangalia katuni kwenye simu, na simu yenyewe inakuletea kitufe cha kuruka majina kabla hujaomba. Mwenye filamu hii naye amenishauri niyafupishe: "Dada, nani anayasoma siku hizi?" Anasema kweli. Bibi hayupo, na hakuna wa kumpigia kelele arudishe.

Safari hii nimekubali, nimeyafupisha mengine yote. Sekunde ya arobaini nimegoma. Pale, panapoandikwa kwamba filamu imetolewa kwa kumbukumbu ya bibi, herufi ya kwanza inaingia, inajishusha, inanyoosha miguu mbele, na wenzake wanakuja kujipanga: kuni tatu, mbwa anayejizungusha, wote. Zinatulia kwa muda wa kusoma mara moja. Kisha yule aliyekaa anavuta mguu, anainuka, anajitwika mzigo kichwani, anatanguliza mguu mmoja kama mtu anayeondoka safari. Hiyo ndiyo R, bibi. Nimechelewa, lakini ndiyo hiyo. Nayo inakaa kwa muda wa kusoma mara ya pili.

Mhariri alisimamisha picha mapema mno, kama wote wanaopeleka mbele. Nimemjibu sasa hivi: "Hakuna kosa, ndugu yangu. Rudisha, usome mara ya pili."